Machozi ya Fundi Saa

Kaka yangu ni fundi saa, na kwa bahati mbaya alizaliwa na pua isiyopatana na kazi hiyo. Skrubu za saa ya mkononi ni ndogo kuliko punje ya ufuta. Unaweza kuzipanga kwa utulivu juu ya kitambaa cheupe, pua ikawasha, ukapiga chafya moja tu, na zote zikatawanyika kila moja na njia yake. Mara ngapi nimeingia kibandani kwake nikakuta watu wazima, wengine na suti zao, wamepiga magoti sakafuni na tochi za simu wanatafuta kitu wasichokiona. Yeye yuko kitini, lenzi imebanwa kwenye jicho la kulia, leso imefungwa usoni kama mwizi wa benki, anawaelekeza kwa adabu: kushoto kidogo, mzee, hapo karibu na kisigino chako.

Wateja hawamkimbii. Ana mkono mwepesi, hasemi uongo, na saa akishaitengeneza imetengenezeka. Ila ni mpole kupita kiasi, mpaka mimi dada yake nataka kumtikisa. Mimi ni msusi. Mchana kutwa nashika vichwa vya watu na kuwaambia ukweli wao kupitia kioo. Kaka akikanyagwa mguu, anaomba radhi kwa kuwa na mguu.

Nyumbani kwetu chafya zake zilihesabiwa kuwa tabia. Wengine wanakoroma, wengine wanang'ata kucha, huyu anapiga chafya. Mama yetu alimfukiza chini ya blanketi, akampaka mafuta ya mgando puani, akamtafunisha vitunguu saumu mpaka darasani akakaliwa mbali. Pua ilibaki ile ile. Na hapo hapo, binti yangu wa miaka sita hawezi kula yai: akionja tu anavimba midomo na kutoka vipele mwili mzima, kwa hiyo tumemfundisha kuuliza kabla ya kutia kitu mdomoni, mwalimu wake anajua, na dawa zake haziachani na mkoba wangu. Hakuna aliyewahi kulihusisha hilo na pua ya mjomba wake. Mtoto anaumwa, mtu mzima ana tabia. Ndivyo tulivyoona sisi.

Basi akapenda. Dada mmoja karani wa posta alimletea saa ya ukutani iliyokuwa inakwenda mbio kana kwamba inafukuzwa. Kaka akaitengeneza. Ikarudi, sasa inachelewa. Akaitengeneza tena, ikaanza kulia saa ambazo hazipo. Fundi ambaye hajawahi kurudishiwa saa na mtu yeyote, hii moja ikamshinda mpaka mvua za mwaka zikapita. Nimemuuliza mara nyingi kama alifanya makusudi, anakana huku anatazama dari. Mwisho karani mwenyewe alichoka, akamwambia kama ana la kusema aseme, saa haina kosa. Kaka akapiga chafya, halafu akasema. Ndiyo hivyo nikapata wifi.

Wifi yangu alikuwa mwepesi wa kucheka, anajua kugonga mihuri kwa mkono mmoja huku anazungumza na simu kwa mwingine, na nilimpenda tangu siku ya kwanza. Tatizo lilikuwa mama yake.

Mtaani wanamwita Mama Waziri, na wageni wakisikia hivyo wanakaa vizuri na kufunga vifungo. Waziri mwenyewe ni paka. Ni mweupe, mnene, mwenye kiti chake sebuleni ambacho hata daktari wa meno, jirani yao, hakubahatika kukikalia. Chini ya Waziri kuna serikali nzima: paka juu ya televisheni, paka kwenye kapu la nguo zilizopigwa pasi, paka nyuma ya pazia, mkia tu ndio unaonekana. Sofa ni za mahameli ya zambarau, zulia ni zito mpaka miguu inazama, na madirisha hayafunguliwi kwa kuogopa vumbi la barabarani. Ukiingia humo, unavuta pumzi ambayo paka watano wameshaivuta kabla yako.

Mama Waziri alikuwa mjane, na alikuwa na mambo mawili yasiyochezewa. La kwanza ni hao paka. Kijana mmoja aliyemtaka wifi kabla ya kaka alisema sebule inanuka, na mama akanyanyuka akamfungulia mlango bila neno. La pili ni hadithi ya marehemu mumewe. Mwingine alitazama simu wakati hadithi inaendelea, naye hakurudi. Kaka aliambiwa yote haya mapema na wifi, waziwazi: ukimchukia paka umemchukia mama, na mama akisema hapana, mimi siwezi kwenda kinyume chake, ndiye pekee niliyebaki naye. Kwa hiyo kaka alikwenda kule roho mkononi, na mimi nikamsindikiza kwa kuwa mtu wa kumsemea alihitajika.

Siku hiyo ya kwanza tulikaribishwa vizuri. Waziri alimtazama kaka, akashuka kitini kwake, akavuka zulia kwa hatua za mkubwa, akapanda mapajani mwake akajikunja. Mama yule alishika kifua. Alisema Waziri hajawahi kumfuata mgeni tangu azaliwe. Kaka akatabasamu, na nikaona jicho lake la kulia limeanza kuwa jekundu.

Hadithi ikaanza. Marehemu alikuwa dereva wa lori, kijana asiye na kitu ila maneno. Siku ya kwenda kuposa alijikuta hana viatu vya heshima, akaazima vya utingo wake, mtu mwenye miguu mikubwa kama mashua. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Akashuka kwenye lori, akaanza kuvuka uwanja wa nyumba ya wakwe, uwanja mzima ni matope. Kufika hapo kwenye matope, kaka yangu akawa analia. Sitii chumvi. Machozi yalishuka mashavuni mwake kwa mistari miwili, pua ikachuruzika, midomo ikatetemeka, na akatoa sauti ndogo ya mtu aliyebanwa na kitu.

Mama Waziri alinyamaza. Wifi akasema pole, mama. Mimi nikasema pole, mama. Kaka akataka kusema pole, ikatoka chafya, akaificha kwenye leso, na kwa mbali ilifanana kabisa na kwikwi. Yule mama alimshika mkono akasema katika miaka yote aliyomsimulia mtu habari za mumewe, hajaona kijana mwenye moyo laini namna hii. Akatuambia turudi Jumapili.

Njiani nilimuuliza kaka imekuwaje, akasema hajui, macho tu. Nikadhani ameguswa kweli. Jumapili tukarudi, hadithi ikaanza, lori likafika, mvua ikanyesha, na kwenye matope akalia tena. Jumapili ya baadaye hivyo hivyo. Mama Waziri akawa anawaita majirani waje kumwona. Wanakaa kwenye ncha za sofa wakiwa na nyuso za msiba, wakifika kwenye matope wanamtazama kaka, kaka analia, wote wanasema pole, halafu chai inaletwa. Mimi mwenyewe niliamini hadithi ile inaishia kwenye matope.

Nilianza kushuku nilipoona anaanza kulia kabla ya hadithi. Mara nyingine alianza mlangoni. Siku moja mama alikuwa bado anasimulia bei ya sukari na kaka tayari ana machozi hadi kidevuni, na yule mama, kwa huruma, akaruka moja kwa moja kwenda kwa marehemu ili yale machozi yasipotee bure. Nilipomvuta pembeni nikamwambia, kaka, ni wale paka, alikasirika kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alisema nisithubutu kulitamka hilo neno mbele ya mtu yeyote.

Nilimwelewa kwa nini. Wiki chache kabla nilikuwa nimekwenda na binti yangu, na Mama Waziri akamkatia keki. Mtoto akauliza kama alivyofundishwa: ina yai? Ilikuwa nalo, akaikataa kwa adabu. Mama yule akacheka, akasema watoto wa siku hizi wana mzio wa kila kitu isipokuwa simu, na kwamba enzi zao mzio uliitwa maringo. Alilalamikia jambo hilo mpaka tunaondoka. Lakini safari iliyofuata kulikuwa na sahani ndogo ya biskuti, imefunikwa peke yake, na akamwambia mtoto: zako hazina yai, na bakuli nimeliosha kwanza. Mimi niliiona sahani. Kaka alikuwa amesikia maringo tu.

Akaamua kujitibu kimyakimya. Alikwenda duka la dawa akaomba kitu cha mafua yasiyoisha, akapewa vile vidonge vidogo vya zamani, vile ambavyo muuzaji anakuonya usiendeshe gari. Kaka hana gari, akaona onyo halimhusu. Jumapili alimeza kabla hatujatoka, na kwa kuwa alitaka uhakika, mlangoni kwa Mama Waziri akameza tena.

Macho yalikauka kweli. Alikaa kitini mwenye heri, anapumua kama watu wengine. Lori halijawashwa, kichwa chake kikaanza kuinama. Mvua ikanyesha usiku kucha, kikainama zaidi. Kwenye matope kaka yangu alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, anakoroma mbele ya mama mkwe wake mtarajiwa. Wifi alinikaba mkono.

Mama Waziri alinyanyua kidole akatunyamazisha. "Mwacheni mwanangu alale," alinong'ona. "Uchungu unachosha." Halafu akachukua blanketi kutoka kwenye kapu wanalolala paka, akamfunika nalo mpaka shingoni, na Waziri akapanda juu kumalizia kazi.

Alipoamka uso wake ulikuwa umeumuka kama unga wa mkate, macho yamebaki mistari. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, mpaka tulipofika kwenye kona ya barabara. Hapo kaka alisimama akashika ukuta, na nikasikia kifua chake kinapiga mluzi kama birika. Kucheka kukaniisha. Niliogopa, nasema wazi. Najua mtoto wangu anavyoonekana akikosa hewa, na kaka alifanana naye. Nilimpeleka hospitali akiwa anaomba radhi kwa kunisumbua. Wakampa dawa ya kuvuta, kifua kikafunguka, na kesho yake nikamfikisha kwa daktari wa mwanangu, akitaka asitake.

Daktari huyu ni mama mwembamba anayezungumza kama anabishana na mtu. Aliposikia habari za vidonge alitikisa kichwa, akamrudisha nyumbani kwanza mpaka vimtoke mwilini, ili kipimo kisidanganye. Tuliporudi, alimdondoshea matone mkononi mstari mzima, hili la vumbi, hili la chavua, hili la mende, hili la paka, akachoma kidogo chini ya kila tone. Tukakaa tunautazama mkono kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Tone la vumbi lilivimba kidogo. La paka likawa kifungo cha koti.

Daktari alimuuliza kama ana paka. Kaka akasema hana. Ni nani basi mwenye paka? Kaka akatazama chini kama yuko polisi, akasema mama mkwe. Umeshaoa? Bado. Daktari akaandika huku akisema kwamba nafasi ya kukimbia bado ipo. Mimi nilicheka, kaka hakucheka.

Halafu akamweleza vizuri. Kosa si la manyoya yenyewe, ni la mate ya paka na vigamba vya ngozi yake, vitu vidogo visivyoonekana, vinaelea hewani na kujishika kwenye mahameli na zulia hata paka akiwa amehama siku nyingi. Alimpa dawa ya kupuliza puani, akamwonya kwamba haifanyi kazi kwa siku moja, aianze mapema na asiache. Vidonge alimpa vya aina isiyoleta usingizi. Pampu ya kifua iwe mfukoni siku zote, na mluzi ukirudi asijikaze kiume, aje. Asishike macho akishashika paka, anawe, abadilishe nguo akifika nyumbani, akae penye hewa, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kwa ajili ya lile tone la vumbi. Mwisho akafunga kalamu akamwambia jambo lile lile aliloniambia mimi kuhusu yai: mtu anayekukaribisha lazima ajue. Dawa zote hizi ni za kusaidia, ya kwanza ni kusema.

Kaka akasema hizo nyingine ataweza.

Wifi alipoambiwa, pale pale posta, alicheka mpaka akaegemea mizani ya vifurushi. Halafu akaanza kulia, machozi ya kweli, kwa sababu alijua mama yake. Mama alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba anapata mkwe anayemlilia mumewe. Siku ya sisi kwenda kuposa rasmi ilikuwa imeshapangwa, na hadithi ingesimuliwa, hilo halina mjadala. Kaka akienda bila dawa, kifua kinaweza kumfunga mbele ya wazee. Akienda na dawa, atakaa na macho makavu kama yule wa simu. Mimi nikatoa shauri la kitunguu. Kipande kidogo tu ndani ya leso, nani atajua? Wifi akaniunga mkono, akapendekeza hata chumvi. Tulikuwa tumeanza kujadili ukubwa wa kipande kaka aliposema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba hataanza ndoa na kitunguu.

Siku ikafika. Baba Mdogo ndiye msemaji wa familia yetu, mtu anayependa hotuba kuliko chakula, alikuwa na koti jipya na maneno ameyakariri. Kaka alikuwa ametumia dawa yake ya pua kwa uaminifu tangu siku ile, kidonge amekunywa asubuhi, pampu iko mfukoni. Nilimtazama usoni tulipoingia. Macho meupe, pua kavu. Alikuwa mzuri mpaka nikaogopa.

Mama Waziri alitukalisha. Waziri akapanda mapajani kwa kaka, kaka akaweka mikono pembeni kama mtu aliyewekewa bakuli la uji wa moto. Vinywaji vikaja, Baba Mdogo akajaza mdomo biskuti, na yule mama akasema kabla ya mambo mengine angependa wageni wamjue mwenye nyumba ambaye hayupo.

Lori likafika. Viatu vikaazimwa. Mvua ikanyesha. Wifi alikuwa ameshika ukingo wa sofa. Matope yakaja, na Mama Waziri akasimama kidogo, akamgeukia kaka, akangoja.

Hakuna chozi. Kaka alikuwa amemwelekea kwa shingo nzima, midomo imefunguka kidogo, kama mtoto aliye dukani mbele ya kioo. Baba Mdogo hakusema pole kwa sababu mdomo wake ulikuwa na kazi. Wifi na mimi hatukusema kwa sababu tulikuwa tumekauka. Kimya kikawa kirefu, na yule mama, kwa kusitasita, kama mtu anayesukuma mlango aliozoea kuukuta umefungwa, akaendelea.

Alisema kiatu kimoja kilinasa kwenye matope kikabaki. Marehemu, kwa woga, hakugundua. Aliingia ndani kwa wakwe na kiatu mguu mmoja, mguu wa pili soksi iliyotoboka, kidole gumba kinachungulia nje. Akasalimia wote, akakaa. Baba mkwe akatazama miguu ile muda mrefu, akamuuliza: kijana, mbona kiatu kimoja? Na marehemu akajibu: huyu amekuja kuposa, mzee, mwenzake yuko nje tayari kwa kukimbia.

Kaka yangu akacheka.

Hakutabasamu, hakukohoa. Alicheka kwa sauti, kicheko cha tumboni, Waziri akaruka chini, na alipojaribu kukizuia kikatokea puani. Baba Mdogo alimeza biskuti bila kutafuna. Nilimwona wifi amefumba macho, na moyoni nikasema basi, imekwisha, twendeni nyumbani.

"Unacheka?" Mama Waziri aliuliza.

Kaka alisimama. "Nisamehe, mama. Na lingine ni hili, mimi sijawahi kulia humu ndani. Nina mzio wa paka. Macho yananitoka maji, pua inaziba, kifua kinabana. Yale yote uliyoyaona yalikuwa ni paka."

"Hata siku ile uliyolala?"

"Ile ilikuwa dawa, mama. Na blanketi lilikuwa la paka."

Yule mama alimtazama Waziri, ambaye alikuwa anajilamba mguu kana kwamba hatajwi. Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa anahesabu maua ya zulia. Akamrudia kaka. Sauti yake ilikuwa ndogo alipouliza kama basi siku zote hizo hakuwa anamsikiliza.

"Nilikuwa nasikiliza mpaka kwenye matope," kaka alisema. "Baada ya hapo nazidiwa. Na watu wanasema pole, na wewe unanyamaza. Leo ndiyo mara ya kwanza nimejua kiatu kilikwenda wapi."

Mama Waziri alitazama viatu vya kaka. Kisha bega lake moja likaanza kutikisika, nikadhani tumemliza mjane wa watu, nikainuka kwenda kumshika. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, akajipiga paja, akashika upande wa sofa, na paka aliyekuwa nyuma ya pazia akatoka mbio. Alipopata pumzi alisema marehemu mwenyewe alipokuwa anasimulia, akifika hapo alikuwa ananyamaza makusudi, anazungusha macho, anasubiri watu wavunjike mbavu. Ndiyo maana aliipenda hadithi ile, na ndiyo maana yeye anaisimulia.

"Tangu nimzike," alisema, "nikimtaja tu watu wananipa pole. Mume wangu alikuwa mchekeshaji, jamani. Hakuna aliyeniachia nifike kwenye kiatu."

Sasa wifi naye alikuwa anacheka na kulia pamoja, mimi nimeshaharibika, na hata Baba Mdogo alikuwa anacheka ili asionekane mgeni. Kaka peke yake alibaki amesimama, hajui aketi au aende. Kwa cheko lile lote, yeye alikuwa bado hajajibiwa lolote.

Mama Waziri alijifuta uso, akarudi kuwa mkali. Alimwambia kaka kwamba Waziri hahami, aliingia nyumba hii kabla yake. Kaka akasema hajaomba ahame. Akamwambia pia kwamba mtu mzima kukaa kwenye sofa anavimba, anakosa hewa, asiseme, huo ni ujinga, na kwamba mtoto wa miaka sita aliweza kumuuliza kuhusu yai bila kuogopa. Alikuwa ananinyooshea kidole mimi, kana kwamba kaka nimemlea mimi. Kisha akaagiza viti vibebwe, vile vya mbao, vya jikoni, visivyolaliwa na paka, tukakae barazani penye upepo. Tukabeba. Mlango akaufunga nyuma yetu mwenyewe, Waziri akabaki ndani analalamika dirishani.

Barazani hewa ilikuwa safi, kaka akavuta pumzi mpaka shati likanyanyuka. Baba Mdogo aliona nafasi yake imefika. Akakohoa, akatengeneza kola, akafungua mdomo, lakini Mama Waziri akamkata. Alisema hadithi yake haijaisha, na kwa kuwa leo amepata masikio, ataimaliza.

Alisema baba yake alimtazama yule kijana mwenye soksi iliyotoboka, akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akanyamaza, watu wote wakangoja, na yeye Mama Waziri, akiwa msichana nyuma ya mlango, alikuwa amebandika sikio kwenye ubao. Ndipo baba yake akasema: kamlete ndani na huyo mwenzake.

Baba Mdogo alingoja kidogo kwa heshima, akaona kimya, akaanza hotuba yake. Alisema sisi ni watu tuliotoka mbali kidogo, tumeona ua zuri katika bustani hii, na kwa unyenyekevu tungependa kujua familia inasemaje. Mama Waziri hakumtazama yeye. Alimtazama kaka yangu.

"Kamlete ndani na huyo mwenzake," alisema.

Wifi alimrukia mama yake shingoni. Kaka alikaa, akasimama, akakaa tena pasipo na kiti. Nilikuwa namwinua kutoka chini, nacheka hata mikono haina nguvu, Baba Mdogo aliponiinamia sikioni kwa wasiwasi akaniuliza ni mwenzake gani huyo, mbona kijana amevaa viatu vyote viwili.